Wimbo Ulionipa Blanketi

Cherono, binti ya jirani yangu hapa Kapsoit, alikuja juzi na simu kubwa kama sahani ya ugali. Kampuni moja ya chai imempa kazi katika ofisi ya wafanyakazi, na kazi yenyewe, ati, ni kuuliza watu kama wana furaha. Akaniambia, "Kogo," yaani bibi kwa Kikipsigis, "hebu nijaribu na wewe kwanza kabla sijaenda kwa wachumaji." Akanionyesha nyuso zimepangwa kwenye kioo cha simu: moja inalia, moja imenuna, moja haijui inataka nini, moja inatabasamu, na ya mwisho inacheka meno yote nje. "Ukikumbuka siku zako za kazi, ungebonyeza gani?"

Nilitafuta miwani. Nikaivaa, nikaivua, nikamwambia anywe chai kwanza isipoe. Mtoto wa watu akadhani bibi hajaelewa swali. Nilielewa vizuri sana. Shida ni kwamba ule uso wa mwisho, wa meno nje, mimi niliwahi kupewa na kampuni mbele ya wageni, watu wakipiga makofi, na blanketi juu yake. Na hakuna siku katika maisha yangu ninayoionea haya kama hiyo.

Basi Cherono na wenzako, na nyinyi vijana wote mliosomea mambo ya kupima mioyo ya watu, vuteni viti. Mimi sikusoma. Nilichuma chai, nikawa nyapara, nikastaafu na mgongo uliopinda. Lakini nimepimwa na nimepima, kwa hiyo msinikate maneno.

Uhuru ulikuwa bado mchanga wakati huo, na wazungu wengi walikuwa hawajaondoka mashambani. Nilitoka Maragoli nikiwa nimeolewa na Musa, aliyefanya kazi kiwandani kwenye mashine za kukausha majani. Musa alikuwa mtu wa maneno machache. Akikuuliza kama chumvi iko, ujue siku hiyo amehutubia. Tulipewa nyumba kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Huwezi kugombana na mume ukaficha. Hata kikohozi chako jirani anakijua.

Nyapara wangu wa kwanza aliitwa Kiplangat, Mkipsigis wa Kimulot, mrefu, kofia ya sufi mwaka mzima. Ndiye aliyenifundisha kuchuma. Majani mawili na chipukizi katikati, basi. Usivute, vunja. Mimi nilijiona mjanja. Wiki ya kwanza nikaona wenzangu wanajaza vikapu kabla yangu, nikaanza kuokota na yale majani magumu ya chini ili kikapu kiwe kizito. Tulipofika kwenye mizani Kiplangat akatia mkono ndani ya kikapu, akautoa, akakipindua chote chini mbele ya watu.

"Hii ni chai ama ni nyasi ya ng'ombe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wanacheka, mimi nimepiga magoti nachambua jani moja moja. Halafu nikaona magoti mengine karibu na yangu. Kiplangat amechuchumaa, anachambua na mimi. Nawaambia hivi mapema ili msije mkamchukia baadaye.

Bwana mkubwa wa divisheni yetu, kipande chetu cha shamba, tulimwita Bwana Sikio. Jina lake la kwao lilitushinda kutamka, na hili la kwetu alilitafuta mwenyewe, mtaona. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja alirudi kutoka mkutano wa mabwana wakubwa wenzake akiwa na neno jipya: mfanyakazi mwenye raha anachuma zaidi. Maneno ya kweli kabisa, hata leo Cherono analipwa kwa hayo hayo. Taabu ikawa, utamjuaje mwenye raha?

Alianza na maua. Amri ikatoka kwamba kila nyumba ya laini iwe na maua mbele, atapita kukagua, kwa sababu mtu anayepanda maua ni mtu aliyetulia. Jamani! Kile kipande cha udongo tulichokuwa nacho tulikuwa tumepanda sukuma na mrenda. Maua utayala na ugali? Asubuhi ya ukaguzi akina mama waliamka mapema, wakaenda kukata maua kwenye ua wa Bwana Sikio mwenyewe, wakaja kuyachomeka ardhini bila mizizi, laini nzima. Akapita akiyatazama, anafurahi, akamwambia Kiplangat kwamba ni ajabu, watu wanapenda maua ya aina ile ile anayopenda yeye. Saa sita jua lilipowaka yakalala yote, lakini yeye alikuwa ameshaenda zake.

Baadaye likaja sanduku la maoni. Likapigiliwa misumari nje ya holi, lina tundu juu, ukiwa na neno lako andika utie. Ufunguo akapewa nyapara. Sasa wewe utaandika ubaya wa nyapara, halafu nyapara ndiye afungue asome? Nyigu ndio walioingia wakajenga. Siku ya kufunguliwa wakamrukia Bwana Sikio usoni, akarudi nyumbani jicho moja limevimba. Sanduku likang'olewa.

Ndipo akaja kwenye nyimbo.

Wachumaji walikuwa wanaimba tangu zamani. Wasichana wa Kikipsigis wataanza, akina mama Wajaluo wapokee, sisi Wamaragoli tungoje zamu yetu. Lakini msidhani mtu akiimba ni lazima amefurahi. Tuliimba kwa sababu ya baridi. Tuliimba ukungu ukifunga, ili ujue mwenzako yuko safu ipi na usibaki peke yako. Tuliimba ili mikono iende pamoja. Na mara nyingi, Mungu atusamehe, tuliimba kumtukana nyapara kwa lugha asiyoijua, naye anatikisa kichwa kwa raha zake. Bwana Sikio hakujua hayo. Alisimamisha gari mwisho wa safu, akashuka, akaweka mkono nyuma ya sikio. Wanaoimba wana furaha, wasioimba kuna neno huko, nyapara aitwe ajieleze. Ndivyo alivyopata jina. Na manyapara nao si wajinga. Gari likionekana mbali utasikia, "Imbeni! Imbeni haraka, huyo anakuja!" Ukiwa na jino linauma, utaimba na jino lako.

Mimi nilikuwa na sauti. Nasema bila majivuno, maana sauti hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mama yangu alikufa msimu wa mvua nyingi, wakati chai inakimbia kuota kuliko mikono ya kuichuma, na ruhusa hazitolewi. Habari ililetwa na mama mmoja wa kwetu aliyekuwa akileta ndizi kuuza sokoni. Alinikuta naenda kwenye mizani, akaniambia, "Rispa, tua kikapu kwanza." Nilipotua ndipo akasema. Walikuwa wameshamzika, hawakuweza kungoja. Lakini kulikuwa bado na siku ya kunyoa, Jumapili ile iliyofuata.

Nyinyi mmezaliwa juzi, niwaeleze. Kwetu baada ya mazishi watoto wa marehemu walikaa pamoja wakanyolewa, ndipo kilio kikaisha na watu wakarudi kwenye mashamba yao. Nyumbani kwetu wembe ulianza na kifungua mimba. Kifungua mimba ni mimi. Nisipokuwepo, wembe unaruka kichwa changu uende kwa mdogo wangu Zablon, na mtu aliyerukwa na wembe ni kama hakuwa mtoto wa mle ndani. Kwa hiyo sikuwa na wazo lingine wiki hiyo. Nifike nyumbani Jumapili, nikae chini, nishikwe kichwa.

Nikaenda kwa Kiplangat. Akavua kofia yake ya sufi, mara ya kwanza namwona bila kofia.

"Pole sana, Rispa. Mama ni mama," akasema. Kisha akaanza kuikunja kofia mkononi. "Lakini Jumamosi wageni wa kampuni wanakuja kutoka ng'ambo. Bwana Sikio anataka kuwaonyesha vile watu wake wako na furaha. Na ule wimbo wako wa juzi ameupenda sana. Ameniambia, huyo mama na wimbo huo, nisikose."

"Wimbo gani?"

"Ule wa pole pole."

Wimbo wa pole pole ulikuwa wa kilio, kwa lugha ya kwetu wasiyoijua. Tangu nipate habari sikuwa na wimbo mwingine mdomoni; nilikuwa nachuma namlilia mama yangu, na akina mama wa kwetu wananipokea, kwa sababu hayo ndiyo matanga niliyokuwa nayo. *Mama umeacha mlango wazi, kuku wanaingia.* Hayo ndiyo maneno yake. Bwana Sikio alikuwa amesimama mwisho wa safu, mkono sikioni, anasikia furaha.

Ningemwambia Kiplangat ni wimbo wa nini. Yeye akanitangulia, "Imba Jumamosi. Ukimaliza tu, mimi mwenyewe nakupa ruhusa, Jumapili alfajiri uko kwenye basi. Nikikosa, niite mwongo mbele ya watu." Nikahesabu hivi kichwani: nikikataa, sipati ruhusa, na nikiondoka bila ruhusa nyumba inapewa mwingine na watoto wangu wanalala nje. Nikikubali, Jumapili mchana niko kwa mama. Nikakubali.

Jumamosi tulipangwa mbele ya holi, vitambaa vyeupe kichwani tulivyogawiwa asubuhi. Wageni wameketi kwenye viti, na kikombe cha chai kila mmoja. Kiplangat akapita mbele yetu akinong'ona, "Chekeni, akina mama. Onyesheni meno. Kidogo tu, halafu kwisha."

Nikaanza. *Mama umeacha mlango wazi.* Akina mama wa kwetu wakapokea, *kuku wanaingia*, na mmoja wao machozi yalikuwa yanamtiririka na meno yako nje. Mguu wa kilio una hatua yake, unaenda mbele unarudi, na mwili ukizoea kitu hauulizi. Nikacheza. Wageni wakaanza kupiga makofi kufuata mguu wetu. Bwana Sikio anagonga kiatu chini, uso umemjaa raha, anawageukia wenzake kama anayesema, mnaona? Kadiri walivyopiga makofi ndivyo nilivyozidi. Hili ndilo linalonichoma, vijana. Sikuimba vibaya ili yapite haraka. Niliimba vizuri. Makofi ni matamu hata ukiwa kwenye matanga.

Nikaitwa mbele. Mgeni mmoja mama akanivika blanketi mabegani, jekundu, zito, jipya kabisa. Karani akatafsiri kwamba mimi ndiye mfanyakazi mwenye furaha kuliko wote katika divisheni. Nikashika pembe za blanketi, nikainua uso nicheke kama nilivyoambiwa, na hapo nikamwona Zablon.

Amesimama nyuma ya watu, kando ya ua wa holi, koti lake la kanisani na kifurushi cha ndizi mkononi. Ndugu yangu alikuwa amepanda basi tangu alfajiri kuja kunichukua, ili nisisafiri peke yangu na msiba. Alikuwa amesikia wimbo wote. Yeye hakuhitaji karani wa kumtafsiria.

Aliweka ndizi chini, akageuka, akaenda.

Nilimkimbilia na blanketi mabegani, nikamkuta stendi hapa hapa Kapsoit, basi linanguruma. Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu taratibu, hata hakunisukuma, na hiyo ikaniuma zaidi.

"Umewauzia mama," akasema.

"Zablon, nisikilize."

"Nimesikiliza. Kila mtu amesikiliza." Akalitazama lile blanketi. "Usije kesho. Nitawaambia sikukupata."

Basi likaondoka naye.

Jioni hiyo Kiplangat alifika mlangoni mwetu na ruhusa yake, ametimiza neno. Jumapili yote na Jumatatu juu. Musa akanifungia nguo kwenye kitambaa, akaweka karibu na mlango. Alfajiri akaniamsha. "Nenda tu," akasema. Sikwenda. Ruhusa ninayo, nauli ninayo, wembe unaningoja, na mimi nimekaa kitandani nimefunika uso. Nilikuwa naona jinsi nitakavyoingia uani, shangazi zangu wanageuka, wananitazama miguu. Miguu iliyocheza. Nikashindwa kusimama. Saa tisa alasiri nikajua kwamba sasa wameketi, na wembe umeruka.

Jumanne nikarudi kwenye safu na mdomo umefungwa. Bwana Sikio akaja, akasimama, akaweka mkono sikioni, hasikii kitu. Akapata wasiwasi kweli. Akamwuliza Kiplangat yule mama ana nini, amechoka na kampuni? Kesho yake akaniletea sukari, pakiti ya karatasi, ili nifurahi. Maskini, alikuwa anajaribu. Kiplangat alipokuwa ananikabidhi ile sukari hakuweza kuniangalia machoni, na nadhani hapo alikuwa ameshaambiwa na akina mama ni wimbo gani ule. Hakuniambia niimbe tena.

Miaka ikapita, Bwana Sikio akarudi kwao, Kiplangat akastaafu, akanipendekeza mimi nishike gengi, lile kundi lake la wachumaji. Mwanamke nyapara, Mmaragoli tena! Wengine waliapa hawataniita mama nyapara hata kwa viboko. Nikapewa pia fomu ya kuandika hali ya watu, nzuri au mbaya, weka alama. Nikaweka "nzuri" kwa wote mwezi wa kwanza, ofisi wakafurahi sana. Kisha nikaona naye huyu Rispa amekuwa Sikio wa pili, nikaanza kuangalia kwa njia yangu.

Haya ndiyo ninayoyajua, Cherono, uyaweke kwenye hiyo simu kama yatatosha. Mchumaji mzuri akianza kuleta majani magumu, usimwagie chini kwanza. Mikono inachuma, kichwa hakiko. Mtu akiacha kupalilia sukuma yake nyuma ya nyumba, anawaza kuondoka au anaumwa. Anayecheka sana siku moja ghafla, kaa naye karibu. Na ukitaka kumwuliza, usimwulize mbele ya watu, na usimwulize akiwa na kikapu mgongoni, kwa sababu mtu aliyebeba mzigo atakujibu "mzuri" ili apite. Mtue kikapu kwanza. Shika upande mmoja naye ashike mwingine, mkiweke chini, ndipo umwulize, na usimwulize kama ana furaha. Mwulize nyumbani hawajambo, na ameenda lini mara ya mwisho. Hilo nililijifunza kwa yule mama wa ndizi, siku aliyoniletea habari.

Nilikosea mara nyingi. Wapo walionidanganya kwa machozi, wakapata ruhusa, nikasikia wako soko la Siongiroi wanauza mbuzi. Sikujali. Afadhali wao wanicheke.

Cherono akaniuliza, "Na mjomba Zablon, mlipatana?"

Alikuja Krismasi moja, mimi bado mchumaji, baada ya muda mrefu wa kimya. Nilifungua mlango nikamkuta. Hakusalimu. Akaingia, akavuta kile kigoda cha jikoni, akakiweka katikati ya nyumba, akatoa wembe mfukoni.

"Kaa chini."

Nikakaa. Nikafungua kitambaa. Akanilowesha nywele kwa maji ya birika, akaanza mbele kwenda nyuma, mkono mwepesi kama wa mama. Musa akawatoa watoto nje. Alipofika katikati ya kichwa Zablon akasimamisha wembe.

"Rispa. Siku ile, ulikuwa unaimba ama ulikuwa unalia?"

"Nilikuwa nalia."

"Mbona meno yalikuwa nje?"

"Tuliambiwa tuyatoe."

Nikasikia anapumua juu ya kichwa changu. Mwisho akaendelea kunyoa, pole pole, na chini ya pumzi akaanza kupokea ule wimbo pale nilipouachia, *kuku wanaingia, kuku wanaingia*, na mimi nikalia kwa sauti mpaka ukuta wa jirani ukagongwa.

Usiku alilala kwenye kitanda cha watoto. Kulipokucha nilimkunjia lile blanketi jekundu, nikamwambia alichukue, alichome, afanye atakalo, mimi siwezi kuliangalia. Akalifunua, akalipapasa, akawatandikia watoto wangu waliokuwa wamelala sakafuni.

"Baridi ya huku ni nyingi," akasema. "Wafunike."

Kazini nilikaa karibu maisha yangu yote, na nyuso zangu zikaandikwa kwenye fomu nyingi. Lakini kuulizwa, nimeulizwa na Zablon tu, na wembe ulikuwa kichwani. Cherono alizima simu, akaenda mlangoni kulitazama kapu langu la kuni nililokuwa nimelitua hapo nje, kama anayehakikisha mzigo uko chini. Akarudi, akaketi karibu nami upande huu.

"Kogo," akasema, "Maragoli umeenda lini mara ya mwisho?"